Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mashabiki wa Bia na Maskoti kwa Kiwanda Kidogo cha Mwanza

Haya ni maswali ambayo wenye viwanda vidogo vya bia, mameneja wa baa na madizaina wa hapa Mwanza wanayarudia kila tukikutana, na wengine wanauliza kutoka Musoma, Bukoba na Geita. Nimeanza na yale ya mwanzo kabisa, yale ya kuumiza kichwa yako chini. Kila jibu linajitegemea, ila kama kitu nimeshakieleza sehemu nyingine nitakuelekeza huko. Na yote yanahusu watu wazima wa miaka 18 kwenda juu, hilo halina mjadala.

## Mambo ya msingi

Maskoti si ndo logo tu?

Hapana. Logo ni alama, inakaa kwenye lebo vilevile miaka yote. Maskoti ni mhusika: ana jina, ana tabia, anaweza kununa, kucheza ngoma, kwenda uwanjani, kumpa pole mtu ambaye timu yake imefungwa. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ndo alama ya biashara namba 1 kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876, ni alama nzuri sana lakini hauwezi kuitungia stori. Guinness wao mwaka 1935 walimleta ndege mwenye mdomo mkubwa wa rangi, toucan, aliyechorwa na John Gilroy, na yule ndege akawa mtu wa nyumbani kabisa, watu wakawa wanakusanya mabango na sanamu zake.

Unaweza kuwa na logo bila maskoti. Maskoti bila logo ni shida, maana kuna sehemu hawezi kukaa (tazama swali la vizibo, huko kwenye kuchora).

Kiwanda chetu ni kidogo, tunamhitaji kweli?

Kama bia yako leo ina gesi kesho haina, hapana, pesa hiyo nunua vifaa vya kupimia. Maskoti anawakumbusha watu kitu ambacho wameshakipenda, sasa kama hawajakipenda anawakumbusha kero. Nawaambia hivi hata wateja wanaokuja na pesa mkononi wakitaka mchoro wiki hiyo hiyo, nawaambia twende kwanza tukakae baa mbili tatu zinazouza bia yenu tusikie watu wanasema nini.

Mkifika mahali mtu anakaa mezani anaagiza bia yenu kwa jina bila kuuliza "ipo?", hapo sasa mna kitu cha kuchora.

Shabiki ana tofauti gani na mteja wa kawaida?

Mteja akikosa bia yako anaagiza nyingine, maisha yanaendelea. Shabiki akiikosa anamuuliza mhudumu kwanini haipo, anampigia simu jamaa yake wa baa nyingine, na akipata wageni kutoka Dar anawaambia leo mnakunywa ya hapa kwetu. Shabiki pia ndo anakwambia ukweli bia ikiharibika, mteja anaondoka kimya kimya. Kwahiyo msiwahesabu mashabiki kwa idadi ya likes, wahesabuni kwa wanaolalamika bia ikiisha.

Kwahiyo mashabiki kwanza, maskoti baadaye?

Ndio. Maskoti anatoka kwenye vitu ambavyo mashabiki wameshaanza kusema na kufanya wenyewe. Ukimtunga ofisini ukawaletea, watampokea kwa heshima tu.

## Kuwapata mashabiki na kukaa nao

Makampuni makubwa yanagawa friji, viti, miavuli, mpaka wanapaka rangi baa nzima. Sisi tunashindanaje?

Kwenye friji na viti hamshindani, acheni. Kanda hii wakubwa wana mizizi: TBL (Tanzania Breweries) wana kiwanda hapa hapa Mwanza na Balimi imekuwa bia ya kanda ya ziwa miaka mingi, Serengeti nao wana kiwanda Mwanza. Hao jamaa walielewa mapema kwamba mtu wa huku anapenda kuona vitu vyake, ndo maana Balimi ikadhamini mashindano ya mitumbwi, watu wa visiwani na mialoni wakapiga kasia mbele ya umati. Hiyo ni kazi ya maana na inabidi kuiheshimu, jifunzeni kutoka hapo.

Nyie mna kitu kimoja ambacho wao hawawezi kuwa nacho: mpishi wa bia mwenyewe anaweza kukaa mezani na mnywaji. Mtu wa Igoma akikutana na aliyepika bia anayokunywa, akamuuliza kwanini safari hii chungu kidogo, akajibiwa vizuri bila kuzungushwa, huyo umemshika. Fanyeni hivyo kila wiki baa moja tofauti, Kirumba, Buzuruga, Nyegezi, Mabatini, bila spika kubwa bila MC, kaeni tu muongee na watu.

Wahudumu wa baa wana umuhimu kiasi gani?

Mkubwa kuliko wa dizaina, na nasema hivyo nikiwa dizaina. Mnywaji akikaa akauliza "leo kuna nini?" jibu la mhudumu ndo tangazo lenu lote. Kama hajui bia yenu ni ya namna gani atasema "kuna hii mpya, sijui ikoje", na hapo mmeshapoteza meza nzima maana mmoja akiagiza kitu wengine wanafuata.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Hapa watu wana uhuru wa kuchagua, baridi au moto, na kuna wazee hawagusi bia ya baridi kabisa. Bia za viwanda vikubwa zinavumilia kukaa kwenye kreti stoo, zimepikwa na kupitishwa kwenye joto ili zikae. Bia ya kiwanda kidogo ambayo haijapitishwa kwenye joto wala kuchujwa sana bado ina hamira hai, ukiiacha siku kadhaa kwenye joto la Mwanza inabadilika ladha, inaweza hata kumwaga povu lote ukifungua. Afu kuna baa zinazima friji usiku kubana umeme. Sasa nani analijua hilo friji limezimwa saa ngapi? Mhudumu. Mpe maelezo mafupi ya kueleweka, mwonjeshe bia nzuri na iliyoharibika ajue tofauti, akikwambia "hii imekaa vibaya" ibadilishe hapo hapo bila kumbishia wala kumkata mshahara. Mhudumu unayemuamini namna hiyo anailinda bia yako kama ya kwake.

Na wahudumu wengi ni wasichana wadogo wanaosumbuliwa sana na walevi. Kampeni yoyote inayowavalisha nguo za ajabu ili mauzo yapande, mimi sichori. Mashabiki wa kudumu hawapatikani kwa kumdhalilisha mtu anayewahudumia.

Tudhamini mpira au ngoma?

Inategemea mfuko. Mpira wa Mwanza una hisia kali, Pamba walitamba sana zamani, wakapotea miaka na miaka, wakarudi ligi kuu 2024 kama Pamba Jiji, na kuna watu walilia siku hiyo, watu wazima. Toto African nao wana wazee wao mpaka leo. Ukidhamini timu ya namna hiyo unaingia kwenye familia, na familia ina ugomvi wake, siku wakifungwa mtalaumiwa na nyie. Kwa kiwanda kidogo naona bora timu za mtaa, mnunue mipira na jezi za timu ya watu wazima, jina la bia lisiwekwe kabisa kwenye jezi za timu za watoto.

Ngoma kwa Wasukuma ni kitu kingine kabisa. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana vizazi na vizazi, na sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, kila mwaka mwezi wa sita inajaza watu ambao hawajaitwa na tangazo lolote. Hapo ndo somo kubwa la ushabiki lilipo na halijatoka kwa kampuni yoyote: pande mbili, kila upande una mbinu zake, na heshima ya kushinda inategemea umati umekimbilia kwa nani. Ukitaka kusaidia, saidia usafiri wa wachezaji au ngozi za ngoma, zungumza na viongozi wa vikundi kwanza, na usijibandike katikati ya uwanja. Bulabo ina asili ya sherehe ya kanisa, kwahiyo bango la bia pale sio la kujiamulia.

Promo ya kufungua kizibo ushinde simu au bodaboda, vipi?

Inaleta mauzo ya haraka na mashabiki wachache, promo ikiisha wanahama na promo ya mwenzako. Halafu droo na zawadi za bahati nasibu zinahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, usidhani kwa sababu ni ndogo haikuhusu. Mimi naona zawadi nzuri ni ile isiyohitaji bahati, kwa mfano mteja wa muda mrefu anapewa glasi yake yenye jina lake inakaa kaunta, akija anawekewa. Gharama ndogo, na hiyo glasi inamrudisha.

Kitu kingine, usiweke zawadi inayomlazimisha mtu anywe nyingi usiku mmoja. Kunywa kumi upate tisheti, halafu anapanda pikipiki kwenda Buhongwa. Hapana.

Tufungue grupu la WhatsApp la mashabiki?

Fungueni, ila dogo la baa moja moja, grupu la watu mia tano linajaa matangazo ya viwanja na salamu za asubuhi. Ombeni ridhaa kabla ya kumuingiza mtu na mhakikishe ni mtu mzima. Namba za simu ni taarifa binafsi, sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, kwahiyo lile daftari la namba za wateja msiligawe kwa mtu wa bima wala wa mikopo.

## Kuchagua mhusika

Tuchukue mnyama gani wa ziwa?

Hili ndo swali tamu na ndo linaulizwa kuliko yote, ngoja nikae nalo kidogo.

Sato kila mtu anampenda, lakini anampenda kwenye sahani, na kila mgahawa wa samaki mjini una sato kwenye bango. Sangara ni mkubwa, ana nguvu, ila ana historia nzito: aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kuendelea, akala furu, wale samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi mpaka wengine wakapotea kabisa, halafu minofu yake ikawa ya kwenda nje na sisi tukabaki na mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa. Mvuvi wa Mwaloni anaishi kwa sangara na anaweza kukutetea hapo, mzee anayekumbuka ladha ya furu hatokutetea. Furukombe, tai wa ziwani, mzuri mno, sauti yake ukiisikia kisiwani Saanane asubuhi unasimama, ila tai wametumika kila mahali duniani. Wale makorongo wakubwa wenye kipara wanaozunguka Mwaloni wana sura ya kuchekesha na kila mtu wa Mwanza anawajua, tatizo wanajulikana kwa kula takataka, na hicho ni chakula na kinywaji unauza. Pimbi wa kwenye miamba ni mtanashati, lakini mtaani kumwita mtu pimbi ni kumtukana, kesi imeisha.

Mjusi wa kwenye miamba, yule dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, anaota jua juu ya mawe kuanzia Capri Point mpaka Serengeti, hata jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mkoa wetu. Ni wa Jiji la Miamba kabisa, rangi zake hazihitaji kuongezwa chumvi. Ana shida moja kubwa, ukimchora vibaya kidogo anafanana na mashujaa wa katuni za watoto, na hiyo shida nimeieleza kwenye swali la watoto.

Chaguo langu ni kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka. Sio mzuri wa sura. Ana mapafu, anapumua hewa, maji yakikauka anajichimbia kwenye tope anajifunika anasubiri mvua, hata miezi mingi, mvua ikirudi huyo anatoka anaendelea. Wavuvi wanamheshimu kwa sababu anang'ata na hafi kirahisi. Hana sura ya kuvutia mtoto, ana stori ambayo mtu mzima aliyepitia misukosuko ya biashara anaielewa bila kuelezewa, na kwa kiwanda kidogo ambacho kila mwaka kodi na bei ya shayiri vinakibana, kamongo ndo wenu. Ila kuna familia hawamli, na ng'ambo Uganda kuna ukoo mkubwa wa Waganda ambao kamongo ndo alama yao, kwahiyo mchoreni akiwa mzima na mwenye heshima zake, asiwekwe kwenye kikaango wala kwenye sahani.

Mamba au kiboko je? Wanatisha, vijana wanapenda.

Kuna vijiji vya Sengerema na Buchosa ambako mamba amechukua mama anayechota maji, amechukua mtoto. Kiboko anapindua mitumbwi. Hao watu nao wananunua bia. Utamuonyeshaje mamba anacheka na glasi mkononi mtu ambaye ana kaburi kwa sababu yake? Acheni hao.

Tembo, simba, chui?

Washachukuliwa. Tembo yupo Kenya kwenye Tusker, bia iliyopewa jina baada ya tembo kumuua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, mwaka 1923, na kwetu kuna Ndovu. Simba ukimtaja tu nusu ya baa inashangilia na nusu inanuna, hutaki bia yako ichague upande wa Kariakoo dabi. Hata kama sheria ingekuruhusu, mnywaji hatokumbuka wa kwenu ni yupi.

Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, linaweza kuwa maskoti?

Kama picha kwenye lebo sawa, linatambulika haraka, ila lipo kwenye kila fulana, kila kalenda na kila kipeperushi cha mji huu. Kama mhusika ni gumu, jiwe halitembei. Nimeona michoro ya jiwe lenye macho na mikono, haikai. Mtumieni kamongo au mjusi, miamba iwe mahali anapokaa.

Tukimchora mzee wa Kisukuma mwenye kofia na fimbo?

Najua mnamaanisha upendo. Lakini Wasukuma wametaniwa vya kutosha kwenye vichekesho kwamba ni washamba wa mjini, na mchoro wa mzee mwenye tumbo na meno mapengo akishika bia unaangukia huko huko hata kama dizaina ni Msukuma. Mtu akichorwa awe mtu mwenye kazi na hadhi, mpiga kasia, fundi wa mitumbwi, mama anayeanika dagaa. Na asifanane na mtu halisi anayejulikana bila ridhaa yake ya maandishi. Kwa uzoefu wangu mnyama ni salama zaidi na anazeeka vizuri.

Jina lake lichaguliwe na mashabiki kwa kura?

Nusu nusu. Nyie mchague majina matatu ambayo mmeshayakagua BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwamba yako huru, ndo muwaachie wapige kura baa. Mkifungua mlango wazi mtaletewa majina ya wanasiasa na ya ex wa watu.

## Kuchora na kujaribu

Dizaina apewe maelezo gani?

Usimwambie "tutengenezee kitu kikali". Mpe bia anywe kama ni mnywaji, kama sio mnywaji mpeleke baa akae na soda yake aangalie watu. Mwambie bia inauzwa kwenye chupa, kegi au kopo, maana chupa ya kwenye ndoo ya barafu lebo yake ya karatasi inalowa inachubuka, na uso wa maskoti ukichubuka jicho moja inakuwa picha mbaya mezani. Mpe tabia tatu za maskoti na vitu vitatu ambavyo hatovifanya kamwe. Hivyo vya kutofanya ndo vinasaidia zaidi, kamongo wetu hakimbii, habembelezi mtu, hatukani.

Tutajuaje mchoro unafanya kazi?

Kizibo cha kawaida cha chupa kina kipenyo cha milimita 26. Chapisha mchoro kwa ukubwa huo, nyeusi na nyeupe, weka mezani baa usiku chini ya ile taa nyekundu, muulize mtu asiyekujua hiki ni nini. Akisema samaki, sawa. Akisema nyoka, rudi kachore. Kama hafai kabisa kwa ukubwa huo basi kizibo kibebe logo na maskoti abaki kwenye lebo na mabango.

Mjaribuni pia kwenye uzi wa kofia, kwenye muhuri, na kwenye ukuta uliochorwa kwa brashi na fundi wa mabango, kwa sababu baa nyingi za huku zinachorwa kwa mkono na mchoro wenye rangi kumi na vivuli utaharibika siku ya kwanza. Rangi tatu zinatosha.

Watoto wakimpenda kuna tatizo gani? Si hawanywi?

Hili ndo tatizo kubwa kuliko yote humu ndani na naomba mlisome taratibu.

Mwaka 1987 Marekani bia ya Bud Light ilimtoa mbwa Spuds MacKenzie, akawa maarufu ghafla, tisheti na midoli kila mahali, na wazazi na wanasiasa wakaja juu kwamba anawavuta watoto. Kufika 1989 alikuwa ameondolewa. Upande wa sigara ilikuwa mbaya zaidi, yule ngamia Joe Camel, utafiti uliochapishwa 1991 ulikuta watoto wa miaka sita wanamtambua karibu sawa na panya wa Disney. Alidumu mpaka 1997. Hawakuhitaji kumwambia mtoto avute, walimfanya tu amzoee ngamia.

Sasa fikiria hapa kwetu ambapo grosari iko katikati ya nyumba za watu, mtoto anatumwa dukani anapita mbele ya bango lako mara nne kwa siku. Kwahiyo: macho makubwa ya mviringo hapana, mwili mfupi kichwa kikubwa hapana, rangi za pipi hapana, mdoli wa manyoya hapana, daftari na begi la shule hapana kabisa, vibonzo vya kuchekesha vya mtandaoni hapana. Tisheti zitengenezwe saizi za watu wazima tu. Bango lisiwe karibu na shule. Maskoti awe mtu mzima kwa mwonekano na kwa mambo anayoongea: kazi, ndoa, mazao, mpira, foleni ya kivuko. Ukimuonyesha mtoto mchoro akauliza "katuni yake inaanza saa ngapi?" mchoro huo chana.

Anaweza kuonekana amelewa kidogo, kwa utani?

Hapana. Asilewe, asiendeshe chochote akiwa na chupa, asimlazimishe mwenzake anywe. Naona hata asishike bia kila picha, akae tu na watu.

Na akiwa kwenye mtumbwi?

Avae jaketi la kuokolea maisha, kila picha, bila chupa mkononi. Huku hatuchoki kukumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996, na MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018. Utani wa chombo kuyumba, kuzama au nahodha mlevi usithubutu, karibu kila mtaa wa mji huu una mtu aliyepoteza ndugu ziwani.

Tutumie akili bandia kuchora, ni rahisi?

Kwa kutafuta mawazo sawa. Kwa mchoro wa mwisho sishauri, itakupa samaki wa bahari ambaye mvuvi wa Kirumba atamcheka, kila picha atakuwa na mapezi tofauti, na swali la nani mwenye haki ya mchoro linakuwa gumu. Kijana anayechora vizuri hapa Mwanza yupo, mlipe.

## Usajili na haki

Tunamsajili wapi?

Alama za biashara Tanzania bara ni BRELA, kwa mfumo wao wa mtandaoni. Bia ni daraja la 32, nguo kama tisheti na kofia ni daraja la 25, kila daraja linaombwa. Ombi likikubaliwa linatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ukisajiliwa ulinzi wa kwanza ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Sajili jina na mchoro vyote viwili. Fanya kabla ya kuchapa lebo, sio baada ya kusikia kuna mtu mwingine ana kamongo wake.

Usajili wa hapa unatulinda Kisumu na Kampala?

Haulindi. Kenya wana ofisi yao, Uganda yao, na hata Zanzibar wana usajili wao. Kama bia haivuki mpaka leo, angalau kagua majina huko kabla hujalipenda jina sana.

Michoro ya dizaina ambayo tumeikataa ni ya nani?

Ya dizaina, isipokuwa mkataba useme vingine, na iandikwe hivyo wazi mapema. Kuna mfano mkubwa: yule mtu wa matairi wa Michelin alianzia kwenye mchoro ambao mchoraji O'Galop alikuwa ameuchora kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Munich, mtu mnene ameinua glasi kubwa. Kiwanda hakikuutaka. Mwaka 1898 ukageuzwa kuwa mtu wa matairi na bado anaishi. Kwahiyo dizaina, usitupe michoro yako, na mwenye kiwanda, mkataba wa ule uliouchukua uandikwe na ulipwe kabisa.

## Kesi ngumu

Tumpe vazi mtu avae kwenye matamasha?

Kwenye eneo lenye watoto, kama viwanja vya Furahisha siku ya sikukuu, hapana, rudi kwenye swali la watoto. Kwenye shughuli ya watu wazima sawa, lakini ndani ya lile sponji kuna joto la kuua, anayevaa apumzike kila baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini, apewe maji, awe na mtu wa kumwongoza pembeni, asinywe pombe kabisa akiwa kazini na alipwe vizuri.

Machinga wanauza tisheti feki za maskoti wetu.

Kwanza jua kwamba umependwa. Kabla ya kuita polisi, tafuta anayezichapa, wengi ni vijana wenye mashine moja, mpe leseni achape kwa ubora na saizi za watu wazima tu. Anayetengeneza saizi za watoto huyo ndo wa kumzuia haraka, na kama mmesajili daraja la 25 mna pa kusimamia.

Tumetoa pipa bovu, mashabiki wamekasirika. Maskoti aombe radhi?

Hapana, aombe mtu. Mwenye kiwanda kwa jina lake, aseme pipa lipi, limeuzwa baa zipi, nini kilitokea na pesa zinarudishwaje. Ukimtuma samaki wa kuchora aseme samahani watu wanaona unawachezea. Maskoti akae kimya siku hizo mpaka bia nzuri irudi kaunta.

Mashabiki wanataka kununua hisa za kiwanda.

BrewDog ya Scotland walianza kuuza hisa kwa wanywaji wao mwaka 2009, ikawapa mtaji na watu wanaojiona ni wenye mali. Kwa Tanzania kuuza hisa kwa umma kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, huwezi kukusanya michango kwenye grupu la WhatsApp ukaita hisa. Mtafute mwanasheria kabla hujapokea hata elfu kumi. Na mwambie shabiki wazi kwamba pesa hiyo inaweza kupotea, kwa sababu anakuamini kuliko anavyoiamini benki.

Tumempata mwekezaji, anataka maskoti mpya wa kisasa.

Muulize amekaa baa ngapi. Mhusika anaweza kurekebishwa mistari, kupunguzwa rangi, kunyooshwa mapezi, hilo ni kawaida na Michelin wamelifanya mara nyingi. Kumfuta na kuleta mwingine ni kuwaambia watu wa Mabatini na Igoma kwamba stori waliyoibeba haina thamani. Kabla ya kuamua, wapelekee wahudumu na wazee wa kaunta michoro yote miwili, ya zamani na mpya, kwa ukubwa wa kizibo, na mwekezaji awepo hapo hapo awasikilize.